Askari wa Msalaba Aliyepauka

Wadogo zangu, mtu akistaafu huwa ana mvi, mgongo unaouma, na sherehe yenye keki. Mimi nakiacha kiti cha dirishani nikiwa na ndevu ambazo bado hazijakutana kidevuni, na sherehe yenyewe ilikuwa chai na mihogo ya kukaanga aliyoileta Mama Paulina. Lakini kustaafu ni kustaafu. Jumatatu naripoti shule ya sekondari kule Katesh kufundisha historia, kazi niliyoisomea chuo kikuu na kuisubiri mpaka nikaacha kuisubiri. Kiti changu mnakikalia ninyi. Niruhusuni basi nijifanye mzee kwa kurasa hizi chache.

Nimeyaandika haya na kuyafuta mara nyingi. Niliogopa mtaona najisifu, halafu nikaogopa mtaona najidharau, halafu nikaogopa hamtasoma kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililonipa nafuu, maana mtu asiyesomwa hawezi kukosolewa. Nikaendelea.

Jambo la kwanza, kabla sijalisahau: mkisimama mlangoni mwa karakana hii asubuhi, tazameni mlima. Kwaraa ukiwa umejifunika wingu, fanyeni kazi yoyote mnayotaka, pakeni, chongeni, oshaneni masikio, lakini msiguse kopo la vanishi. Sababu yake ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwaeleza, na nitaifikia.

Mama Paulina mnamjua, lakini labda hamjui alikoanzia. Hapa Maisaka alianza kwa kurekebisha sanamu za makanisani. Parokia ikiwa na Yosefu aliyebanduka pua au Bikira Maria aliyechujuka joho, inamleta hapa, anakaa siku kadhaa amefungwa shuka kichwani asipate vumbi, halafu anarudi nyumbani mpya. Mimi nilikuja kuomba kazi ya kuandika mabango ya maduka. Nilikuwa na shahada ndani ya bahasha. Mama Paulina hakuifungua. Alinipa msasa na goti la malaika.

"Lainisha hapo, baba. Usimalize goti lote."

Nililainisha huku nikijiuliza goti la malaika linapaswa kuwa laini kiasi gani. Nikamuuliza. Akaniambia, "Kama la mtu asiyelima." Tangu siku ile nilijua nimepata mwalimu wa pili.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Mwalimu Boay wa Sigino, aliyenifundisha historia sekondari, na yeye ndiye aliyeleta sanamu ndogo katika karakana hii. Alipostaafu alianza kuchonga watu wa historia kwa mti wa mzeituni wa porini, kila mmoja urefu wa kidole cha kati. Alichonga mpagazi wa misafara na mzigo wake, mhunzi na viriba vyake vya kuvuvia moto, mpiganaji wa Majimaji, karani wa Kijerumani mwenye tumbo. Aliwapaka rangi mwenyewe na kuwasimamisha kwenye kabati la vioo sebuleni kwake, na wanafunzi wa shule za jirani walikuwa wakipelekwa kuwaona. Alikuwa akisema kitabu kinaeleza historia ikiwa imelala, yeye anataka iwe imesimama.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Ukungu ukazidi mwezi hadi mwezi. Askari wa Vita vya Msalaba alimchonga akiwa tayari anapapasa, kwa kidole gumba zaidi kuliko kwa macho, na alipommaliza akamleta hapa akiwa mbao tupu, amefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Emanueli, Mwalimu. Ulinifundisha."

"Emanueli yule aliyejibu maswali yote ya mtihani halafu akayafuta?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Mama Paulina, huna mwingine?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, nililifikiria neno lile wiki nzima. Lakini leso alinikabidhi mimi, na kabla hajaiachia aliishika kidogo. "Huyu ndiye wa mwisho," alisema. "Sitaweza kuchonga mwingine. Mpake vizuri."

Sasa hebu mfikirie kijana mwenye tabia yangu akiambiwa maneno hayo.

Askari yule alikuwa mzuri kiasi cha kutisha. Alivaa deraya, lile shati la vipete vya chuma, na Mwalimu alikuwa ametengeneza vipete kwa kugonga ncha ya msumari kwenye mbao, kimoja baada ya kingine, hata kwapani ambako hakuna atakayetazama. Juu ya deraya kulikuwa na joho lililofika magotini. Mkono mmoja ulishika upanga, mwingine ngao. Kofia ya chuma iliacha uso wazi, uso mdogo kuliko punje ya harage.

Nitawapa mambo machache ya mkono hapa, maana najua mtarukaruka kurasa mkitafuta hayo tu. Mtu wenu mgundisheni kwenye kifuniko cha chupa ya dawa, mshike kifuniko, msimshike yeye. Vidole vina mafuta na rangi haipendi mafuta, ingawa hilo nalo lina siku yake, mtaona. Rangi ipunguzeni kwa maji mpaka iwe kama maziwa ya kuchanganya kwenye chai, na mpake mara kadhaa nyepesi badala ya mara moja nzito. Rangi nzito ingeziba vile vipete vyote na kazi ya Mwalimu ingekuwa imezikwa. Deraya haipakwi rangi ya chuma moja kwa moja. Inapakwa nyeusi kwanza, ikauke, kisha mnachukua rangi ya fedha kidogo, mnafuta brashi kwenye kitambaa mpaka mdhani haina kitu, halafu mnaipitisha juu kama mnapangusa vumbi. Vipete vitajitokeza vyenyewe. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimwita Mama Paulina kwa sauti, akaja mbio akidhani nimejikata.

Na nyeupe. Joho jeupe halianzi na nyeupe. Anzeni na rangi ya majivu yenye kahawia kidogo, kisha mpande taratibu kuelekea weupe, na nyeupe yenyewe muiweke tu pale ambapo mwanga ungegusa: bega, goti, ukingo wa mkunjo. Kama hamniamini, tazameni shuka lililoanikwa uani saa za jioni mhesabu ni sehemu ngapi zake ni nyeupe kweli.

Uso ndio ulionitesa kwanza. Mkono wangu ulikuwa umefundishwa na watakatifu. Kwa watakatifu tunapaka mashavu ya waridi, midomo laini, na macho yanayotazama juu kidogo, maana wanakaa mahali pa juu na wanaongea na aliye juu zaidi. Nilimaliza uso wa askari nikiwa nimeridhika, nikamweka dirishani akauke. Akaingia mama mmoja wa kwaya kufuatilia sanamu ya parokia yao. Akamwona, akasogea, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Huyu ni mtakatifu gani?"

"Huyu si mtakatifu," Mama Paulina alimjibu. "Ni mwanajeshi wa zamani huko Ulaya."

"Mbona ana uso wa sala hivyo? Na upanga je?"

"Wa kuulia."

Yule mama akamtazama tena askari, kisha akanitazama mimi. "Sasa wewe kijana, mtu anaenda kuua, umempaka mashavu kama anaenda komunyo ya kwanza?"

Nilimfuta. Nilimpaka tena, akawa mkali kama jambazi, nikamfuta. Nilianza kujiuliza maswali ambayo brashi haiwezi kuyajibu. Je, alikuwa mtu mwema aliyedanganywa, au mtu mbaya aliyejificha nyuma ya dini? Nikimpaka wema, si nitakuwa nimewadanganya watoto watakaomwona? Nikimpaka ubaya, si alikuwa na mama yake huko alikotoka? Nilimpelekea Mama Paulina maswali hayo yote wakati anapika. Alinisikiliza mpaka ugali ukaiva.

"Ametoka kwao kwa miguu?" aliuliza.

"Wengi wao, ndiyo. Safari ya miezi."

"Basi mpake uchovu. Mengine atajua mwenyewe."

Nikapaka uchovu. Kijivu kidogo chini ya macho, mashavu yaliyochomwa na jua, na macho yanayotazama mbele, siyo juu. Macho, kwa taarifa yenu, hupakwa mwisho, kwa ncha ya kijiti cha meno, na mnapumua kabla, siyo wakati huo. Kila niliyemwonyesha aliniambia anamfahamu mtu mwenye sura ile, lakini hakuna aliyekumbuka ni nani.

Baada ya uso ukaja msalaba. Hapo ndipo nilipokwama kama gari kwenye tope la Nangara. Nilijua kutoka chuoni kwamba wapiganaji wale walikuwa na vikundi, na vikundi vilikuwa na alama zao: wengine msalaba mwekundu juu ya nyeupe, wengine mweusi juu ya nyeupe, wengine mweupe juu ya nyeusi. Mwalimu hakuwa ameniambia yupi. Ningeweza kumuuliza. Lakini niliona nikimuuliza atajua kwamba shahada yangu ya historia haijui msalaba wa kupaka. Nikaamua kutafuta mwenyewe. Nilisoma, nikasoma, na kila nilichosoma kiliongeza uwezekano mwingine. Mwezi ukaisha. Mvua zikaanza kutishia.

"Mwanangu, umemaliza?" Mama Paulina aliuliza.

"Bado nafikiria."

"Unafikiria nini tena?"

"Msalaba."

"Padre mwenyewe hafikirii msalaba kiasi hicho."

Siku moja Mwalimu akapita, ameshikwa mkono na binti yake, Dada Eliza. Nikajikaza na kumuuliza ni msalaba wa rangi gani, huku nikiwa nimeandaa maelezo marefu ya kwa nini swali langu ni la kitaalamu. Akasema, "Mwekundu," akaendelea kuzungumza na Mama Paulina habari za mahindi. Basi. Nilipaka msalaba ule mchana huohuo. Ndugu zangu, ulizeni. Mtu mnayemwogopa mara nyingi ana jibu la neno moja, na ana mahindi yake ya kufikiria.

Lakini siku ileile Mwalimu alisema jambo lingine. Dada Eliza alikuwa amempatia nafasi ya kupasuliwa macho huko Moshi. Alikuwa ameikataa hiyo safari zaidi ya mara moja. Mtu huyu aliyewahi kusimama mbele ya darasa zima la vijana wakorofi na kuwanyamazisha kwa kukohoa tu, aliogopa kisu kidogo cha daktari, na hakuficha.

"Kuna mtu kijijini alifanyiwa akapona," alisema. "Kuna mwingine hakupona. Mimi sijui ni yupi kati ya hao. Sasa sikilizeni. Siku ya safari nitapita hapa kwanza. Nikimwona huyu askari na rangi zake, hata kama ni kwa ukungu huuhuu, nitapanda gari. Wakiniharibu, nitakuwa nimeshamwona wa mwisho wangu."

Dada Eliza alinitazama kwa macho yaliyosema: usituangushe.

Kilichobaki ni vanishi. Vanishi inalinda rangi isikwaruzwe, na hii ya kopo la kupuliza, isiyong'aa, inafanya joho lionekane kitambaa badala ya plastiki. Ningeipuliza siku yoyote ya jua katika wiki ile. Nilikuwa na siku za jua. Lakini kila asubuhi nilimgeuzageuza nikaona mkunjo wa joho unaohitaji mguso mmoja, na kesho yake mguso wa kurekebisha mguso. Nikafika asubuhi ya safari yenyewe askari akiwa hajapulizwa. Nikatazama nje. Kwaraa haukuwepo. Kulikuwa na ukuta wa wingu mahali pa mlima, na manyunyu yanaanguka juu ya mabati. Mama Paulina alikuwa ameniambia zamani kwamba vanishi na unyevu havikai pamoja. Nikajiambia hiyo ni kwa sanamu kubwa. Nikasimama chini ya kibanda cha nyuma, nikatikisa kopo, nikapuliza.

Kwa muda mfupi alikuwa mzuri ajabu. Kisha akaanza kubadilika mbele ya macho yangu. Ukungu mweupe ulianzia mabegani ukashuka kama mtu anamwagiwa unga. Deraya ikapotea. Uso ukapotea. Msalaba mwekundu ulioniibia mwezi mzima ukawa kivuli, halafu hata kivuli kikaondoka. Nilimpepea. Nilimpuliza kwa mdomo. Nilimweka karibu na jiko. Alibaki mweupe pepepe, kama mtu aliyetengenezwa kwa sembe.

Mama Paulina alikuja akamtazama. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mh," na nje tukasikia bajaji inasimama.

Mwalimu aliingia peke yake, ana koti zito na kofia. Dada Eliza alibaki kwenye bajaji na begi, maana gari la Moshi lilikuwa karibu kuondoka.

"Yuko wapi?"

Mama Paulina alimpa. Mwalimu akasogea dirishani. Akamwinua karibu na jicho moja, kisha jingine. Akamgeuza. Nje manyunyu yaliendelea. Akamwinua tena.

"Nilisema msalaba uwe mwekundu," alisema polepole.

Akasogea zaidi kwenye mwanga.

"Juzi niliona nyekundu ya khanga ya Eliza. Nilimwambia, akafurahi. Leo sioni nyekundu. Sioni chochote. Ni nyeupe tupu." Akashusha mkono. Sijawahi kuisikia sauti ile kwake, sauti ndogo, kama ya mwanafunzi. "Yameshakufa haya. Wakapasue nini? Mama Paulina, mwambie Eliza ashushe begi. Turudi nyumbani."

Mimi ni mtu anayeweza kupata sababu ishirini za jambo lolote, na pale nilizipata. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua zaidi ya Mama Paulina, na yeye alinitazama tu bila kunisukuma upande wowote. Lakini Mwalimu alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mlangoni, anapapasa ukuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mdomo ulitangulia kichwa.

"Mwalimu, si macho!"

Akasimama.

"Si macho yako. Ni vanishi. Nimempuliza kwenye unyevu, amegeuka mweupe mwili mzima. Hata mimi siuoni msalaba."

"Rudia."

"Nimemharibu, Mwalimu. Nisamehe. Lakini macho yako yako vilevile."

Akageuka upande mwingine. "Mama Paulina. Wewe unauona msalaba?"

"Siuoni, Mwalimu."

"Kabisa?"

"Kama unga wa sembe, baba. Labda ukimchekecha."

Mwalimu akakaa kwenye kiti hiki mnachokikalia. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikataka kukimbia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mungu ashukuriwe, umemharibu!" alisema. "Miaka yote ya kufundisha sijawahi kumshukuru mwanafunzi kwa kuharibu. Leo nashukuru. Lete mkono." Akanishika mkono kwa nguvu.

Halafu, akiwa bado anapangusa machozi, akaanza kumpapasa yule askari kwa kidole gumba, kama alivyomchonga. Akapapasa joho, ngao, kofia.

"Mbona hajaharibika," alisema. "Rangi iko palepale, vipete navisikia vyote. Huyu amepauka tu. Mtoto akipauka miguu hivi, kwetu hatoki kwenda kanisani bila kupakwa. Hamna mafuta humu ndani?"

Mama Paulina alishaelekea jikoni. Alirudi na chupa ya mafuta ya alizeti, yale ya kupikia, na kitambaa laini.

Mimi nikaanza. Nikasema mafuta yatafanya rangi iwe ya njano. Nikasema yatavuta vumbi. Nikasema labda yatalainisha vanishi, na mbao zinaweza kuvimba, na hatujajaribu kwenye kitu kingine.

"Emanueli," Mwalimu alisema, "bajaji inasubiri."

Nilichovya brashi laini, nikaifuta mpaka ibaki na unyevu tu, nikaanzia kiatuni, mahali ambapo kosa lingejificha. Kahawia ikarudi. Kiatu chote kikarudi. Nikapanda mguuni. Nikapitisha kwenye deraya, na vipete vikawaka kimoja kimoja kama mji unaowasha taa. Mwalimu alikuwa amesogeza uso karibu mpaka pumzi yake ilinigusa vidole. Nikafika kifuani.

"Subiri," alisema. "Pole pole hapo."

Nikapitisha brashi pole pole juu ya joho.

"Nyekundu," Mwalimu alisema.

Nikapangusa mafuta yaliyozidi kwa kitambaa. Mwalimu aliendelea kutazama, kisha akauliza, bila kutugeukia, "Kwa hiyo na mimi watanifuta hivi?"

"Wewe watatumia kitu bora kuliko mafuta ya kupikia, Mwalimu," Mama Paulina alisema. "Nenda. Eliza ameloa."

Akaenda. Begi halikushushwa.

Nitasema jambo la kitaalamu hapa kisha niendelee, kwa sababu najua kuna mmoja wenu atajaza karakana mafuta. Huo ukungu ni unyevu ulionaswa kwenye vanishi. Mafuta kidogo yanaujaza na rangi inaonekana tena, lakini kidogo kweli, na mpanguse, na mjaribu kwanza mahali pasipoonekana. Baadaye niligundua kwamba wapakaji wa sanamu ndogo katika nchi nyingine hufanya hivyohivyo. Siku niliyogundua nililala vizuri sana. Ila dawa bora ni kutazama Kwaraa.

Wiki zilizofuata nilihangaika kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa macho ya Mwalimu. La pili, nasema wazi ili mcheke, lilikuwa kupona kwake. Kazi yote ile niliifanya nikijua atakayeitazama anaona kwa ukungu. Akipona ataona kila kitu.

Alipona. Alikuja na miwani myeusi, amesimama wima, bila kushikwa na mtu. Dada Eliza alikuwa nyuma yake anatabasamu kama aliyepasua macho mwenyewe. Mwalimu akavua miwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama Paulina, umezeeka."

"Nawe umerudi na mdomo uleule."

Akanigeukia. "Na wewe kumbe una ndevu." Halafu akamchukua askari, akaenda dirishani.

Alimtazama kwa muda mrefu. Niliitazama sakafu.

"Jicho la kulia ni kubwa kuliko la kushoto," alisema. "Mkanda umepindia nyuma. Hapa umesahau kipete kwapani, nilikichonga, hukukipaka. Na begani panang'aa."

"Ni mafuta, Mwalimu. Naweza kupafuta."

"Pale paache." Akaendelea kutazama. "Na huu uso. Nilimchonga mimi, lakini sikumpa uso huu. Mama Paulina, njoo uone. Huyu mtu bado hajafika Yerusalemu na ameshaanza kuhofia safari ya kurudi. Ni nani huyu?"

Mama Paulina akamtazama askari, akanitazama mimi, na akaanza kucheka mpaka akashika meza. Ndipo nilipoelewa kwa nini kila mtu alikuwa anaifahamu ile sura. Miezi ile yote, nikitafuta uso wa mtu mwema au mtu mbaya, nilikuwa nakaa dirishani, na kioo cha dirisha kiko mbele yangu.

"Ni sahihi," Mwalimu alisema. "Ndivyo walivyokuwa wengi wao, nadhani. Vijana wenye wasiwasi waliotumwa mbali." Na hapo, wadogo zangu, kitu fulani kifuani kwangu kilichokuwa kimekaza tangu goti la malaika kikalegea, na hakijakaza vilevile tena.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa leso. Ndani yake kulikuwa na mbao mpya, harufu ya mzeituni bado inatoka: askari mwingine, mwenye kilemba na ngao ya duara, vipete vyake vidogo kuliko vya yule wa kwanza.

"Huyo wako anatazama mbele," Mwalimu alisema, "lakini mbele yake hapakuwa na mtu. Nimemchongea wa upande wa pili, naye alikuwa na mama yake. Mpake. Na safari hii nina macho."

Wote wawili wako Sigino sasa, kwenye kabati, wanatazamana. Mtaenda kuwaona mtakapotumwa kuchukua mbao. Yule mwenye bega linalong'aa ndiye niliyewaeleza. Tangu pale Mwalimu hajaacha kuchonga, na mimi sijaacha kuhangaika, ila nahangaika nikiwa nafanya kazi, siyo badala ya kazi.

Mezani, chini ya ile leso ya bluu, kuna mwingine aliyeletwa juzi. Ni mama mfinyanzi aliyebeba chungu, na Mwalimu amesema chungu kina nyufa ndogo, msizizibe. Sikumgusa, ni wa kwenu. Brashi nzuri iko kwenye mrija wa kalamu, msiisimamishe kwa nywele. Nimetoka nje asubuhi hii kabla ya kuandika neno la mwisho, nimetazama. Kwaraa uko wazi mpaka kileleni.